Mgonjwa wa Kansa Naye Atembee

Wagonjwa wengi wa kansa hapa Kitui na Makueni wanaijua safari moja tu: ile ya kwenda Nairobi kutibiwa na kurudi wamechoka. Mgonjwa akifika nyumbani, jamaa kwa mapenzi humwambia, "Wewe pumzika tu, usitoke." Basi siku zinapita akitazama ukuta, na mawazo yanazidi. Lakini mwili usiosogea hupoteza nguvu, na matembezi kidogo hupunguza ule uchovu unaoletwa na ugonjwa na dawa. Moyo nao hupata jambo la kungojea lisilo sindano.

Si lazima kwenda mbali. Mtu wa Kitui anaweza kupelekwa kuona mwamba wa Nzambani. Wenye nguvu wapande zile ngazi za chuma, yeye akae chini kivulini na wenzake. Kule Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bure. Akitamani bahari, kuna treni ya Mombasa iliyoanza mwaka 2017, yenye stesheni Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Ndani ya treni anaweza kusimama, kutembea na kwenda choo. Kwa matatu hayo hayawezekani.

Kabla ya kutoka, angalieni haya:

1. Mwulizeni daktari siku inayofaa. Baada ya dawa za kansa za kuingizwa mshipani, kinga ya mwili mara nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Siku hizo aepuke msongamano wa watu.

2. Dawa za maumivu na barua ya hospitali vikae kwenye mfuko wa mkononi, sio kwenye mizigo.

3. Anywe maji, na kila saa anyooshe miguu. Kansa huongeza hatari ya damu kuganda mishipani.

4. Ngozi iliyotibiwa kwa miale ifunikwe leso, isipigwe na jua.

5. Joto la mwili likifika 38, safari imekwisha. Aende hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Jumuiya zetu ndogo ndogo huchanga pesa za matibabu, na hilo ni jema. Sasa mkipanga safari, mwekeeni mgonjwa kiti. Tena mwulizeni yeye mwenyewe angependa kwenda wapi.