RANGI YA SABUNI INAPOGEUKA

Katika ziara zetu za sharika tulikuta kikundi cha akina mama kimefungia stoo miche ya sabuni iliyotegemewa kulipa mkopo. Waliitia rangi nyekundu ya chakula. Siku ya pili ikawa kama udongo, na wateja wakaikataa. Wanakikundi walikuwa wameanza kulaumiana kuhusu mafuta. Mafuta hayakuwa na kosa.

Kinachogeuza rangi ni kostiki soda. Bila hiyo hakuna sabuni, lakini ni kali kiasi kwamba rangi nyingi za chakula na za maua haziihimili. Rozela, inayotoa juisi nyekundu sana, ndani ya sabuni huwa kahawia au kijivu. Manjano huiva wekundu kwanza, kisha hutulia kwenye rangi ya chungwa, na sabuni ikikaa juani hufifia. Manukato ya vanila nayo huleta ukahawia, hata pasipo rangi yoyote. Mawese yasiyosafishwa hutoa njano yake ya asili, ila nayo itunzwe mbali na mwanga. Inayodumu ni rangi ya oksidi ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya vipodozi. Ile ya sakafu na ya kutia nguo tunaikataza kabisa, maana haikukusudiwa ngozi.

Madoadoa mara nyingi ni unga wa rangi uliomwagwa chomboni moja kwa moja. Ukorogwe kwanza katika kijiko cha mafuta yale yale yaliyokwisha kupimwa. (Na chombo kisiwe sufuria ya alumini, kostiki huila.)

Weupe ndio wa kuangaliwa sana. Unga mwepesi juu ya mche hutokana na kostiki kukutana na hewa. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Lakini mche ukikatwa ukaonyesha mabonge meupe au majimaji ndani, huenda hiyo ni kostiki ambayo haikuchanganyika, nayo huunguza. Usiuzwe, hata kama mkopo umechelewa.

Miche ya kikundi kile haikuwa na mabonge. Waliiuza kwa bei ya chini kuwa ya kufulia. Marejesho ya mwezi ule yakapatikana, faida hakuna. Tunaziomba kamati zidai mche mmoja wa majaribio, uliokaa wiki nne, kabla ya kutoa fedha za kununua rangi mpya. Na kwa wafadhili wanaotuuliza watume nini: mizani ya gramu kwanza, kwa kuwa kostiki hupimwa kwa uzito, si kwa kikombe.