Utawala wa Benki nchini India: Bodi, Umiliki na Ukweli wa Taarifa

Makala haya yanachunguza utawala wa kampuni katika sekta ya benki nchini India. Hoja yake kuu ni kwamba uwezo wa bodi ya wakurugenzi hutegemea zaidi ukweli wa taarifa zinazoifikia kuliko aina ya umiliki wa benki. Suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu fedha zinazokopeshwa na benki kwa sehemu kubwa ni amana za wananchi, ambao hawana kura katika mkutano wa wanahisa.

Nyingi ya benki za umma zilitokana na utaifishaji wa benki 14 mwaka 1969 na nyingine 6 mwaka 1980, na serikali ndiyo huteua viongozi wake. Benki binafsi huwajibika kwa wanahisa wake. Licha ya tofauti hiyo, kasoro zilizojitokeza zinafanana. Mnamo Februari 2018, Punjab National Bank, ambayo ni ya umma, ilitangaza ulaghai katika tawi lake moja la Mumbai: barua za dhamana zilitumwa kupitia mtandao wa SWIFT bila kuingizwa katika mfumo mkuu wa hesabu. Yes Bank, ambayo ni binafsi, iliripoti mikopo chechefu ya takriban rupia bilioni 7.5 kufikia Machi 2016, ilhali Benki Kuu ya India ilibaini zaidi ya bilioni 49. Machi 2020, Benki Kuu iliiondolea bodi hiyo mamlaka, na kwa muda wenye amana wakawekewa kikomo cha kutoa rupia 50,000.

Mwaka 2014, kamati ya P. J. Nayak ilipendekeza kufutwa kwa sheria za utaifishaji. Waraka wa Benki Kuu wa mwaka 2021 ulitaka mwenyekiti wa bodi awe mjumbe huru na kamati ya ukaguzi iundwe na wajumbe wasio watendaji pekee. Hata hivyo, waraka huo haukuzihusu benki za umma pale ulipokinzana na sheria zilizoziunda.

Inahitimishwa kuwa kubadili umiliki peke yake hakutoshi, kama mfano wa Yes Bank unavyodhihirisha. Mageuzi yenye tija ni yale yatakayomwezesha mkaguzi wa ndani kuifikia bodi moja kwa moja, bila taarifa zake kuchujwa na menejimenti anayoikagua.