Kompaila Inapohamia Kwenye Simu

Kijana wa Mbozi Mission anayetaka kujifunza lugha ya C halazimiki kusubiri kahawa iuzwe ndipo kompyuta inunuliwe. Akiwa na simu ya Android na bando la kutosha, anafungua programu iitwayo Termux, anaandika "pkg install clang", na kompaila kamili inaingia mkononi mwake.

Kompaila ndiyo inayogeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa maagizo ya prosesa. Clang ni kompaila ya mradi wa LLVM, ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000. Wengi hudhani kazi kubwa ya kuihamishia kwenye simu ni kubadili prosesa, kutoka Intel kwenda ARM. Sivyo: LLVM iliundwa ili sehemu ya prosesa ibadilike peke yake. Ugumu uko kwenye mazingira.

Kwanza kuna maktaba ya C. Android hutumia keneli ya Linux, lakini maktaba yake ni Bionic, si glibc iliyozoeleka kwenye kompyuta. Bionic haina, kwa mfano, funksheni ya pthread_cancel. Programu inayoitegemea hukwama mpaka mtu airekebishe.

Pili ni njia za mafaili. Linux ya kawaida huweka vitu vyake /usr, lakini kwenye Android kila programu hufungiwa ndani ya folda yake. Makazi ya Termux ni /data/data/com.termux/files/usr. Kwa hiyo wahamishaji hupekua msimbo faili kwa faili: palipoandikwa /usr wanaweka alama @TERMUX_PREFIX@, ambayo hubadilishwa kuwa njia halisi wakati wa kujenga. Ikisahaulika njia moja tu, kompaila inaweza kulalamika kwamba stdio.h haionekani, na kumbe faili lipo humo humo kwenye simu.

Tatu ni usalama. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, programu lazima iweze kupakiwa popote kwenye kumbukumbu, hivyo kompaila hupangwa itoe programu za namna hiyo bila kuombwa. Mwaka 2019 Android 10 ilikaza zaidi: programu zinazolenga toleo hilo haziruhusiwi kuendesha faili lililoandikwa ndani ya folda zao. Kompaila kazi yake ni hiyo hasa, kuandika faili kisha liendeshwe! Ndiyo maana Termux inayopatikana kwenye duka la programu la F-Droid imeendelea kulenga toleo la nyuma.

Fredrik Fornwall alipoanzisha Termux mwaka 2015, hakuhitaji kibali cha mtu kuigusa Clang, kwa sababu msimbo wake ni huria. Viraka vya Termux, yaani marekebisho hayo ya msimbo, navyo viko wazi, vingine ni mistari michache tu. Mwalimu asiye na maabara ya kompyuta achague kimoja kifupi, awape wanafunzi wakisome kwenye simu zao, kisha awaulize: mstari huu ulibadilishwa kwa nini? Atakayejibu sawasawa ameanza kuelewa jinsi mfumo wa kompyuta unavyofanya kazi.