Fahamu: Kwa nini Uingereza huwapa watu wenye afya dawa za kolesteroli

Mwaka 2014 NICE, taasisi inayoamua ni tiba zipi zinastahili fedha za huduma ya afya ya umma nchini Uingereza, ilishusha kiwango cha hatari cha kuandikiwa statini, yaani dawa za kupunguza kolesteroli. Kabla ya hapo, mtu alipewa dawa hizo iwapo uwezekano wake wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10 ulifika asilimia 20. Sasa asilimia 10 inatosha.

Sababu kubwa ni bei. Hataza ya Lipitor, ambayo ni statini iitwayo atorvastatini, ilimalizika Uingereza mwaka 2012. Viwanda vingine vikaanza kuitengeneza na bei ikaporomoka. NICE hukadiria gharama ya kila mwaka wa maisha yenye afya unaoongezeka, na mwaka 2014 kwa kawaida ilikubali hadi pauni 20,000 au 30,000. Kwa statini, hesabu hiyo haina utata.

Ugumu uko kwa anayemeza dawa. Chukua watu 100 wenye hatari ya asilimia 10. Bila dawa, 10 wataugua. Wote wakimeza kila siku kwa miaka 10, takriban 4 kati ya hao 10 wataepuka. Wale 90 wasingeugua hata hivyo, ila wamebeba vidonge, vipimo vya damu na pengine madhara. Mwaka huohuo wa 2014 baadhi ya madaktari walipinga hadharani wakisema watu wenye afya wanageuzwa wagonjwa. Naona hoja yao ni nzito, ingawa kifedha NICE iko sahihi. Mwongozo wenyewe wa NICE unataka daktari aanze na sigara, chakula na mazoezi, kisha mgonjwa aamue.