Mali Bila Daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wako wadhanio kuwa usemi huo wawahusu wenye maduka na makarani wa hazina peke yao. La hasha! Hata ndege wa majini wahitaji daftari lao.

Tutazame Walthamstow, kaskazini-mashariki ya jiji la London. Hapo pana mabwawa 10, yaliyojengwa kati ya mwaka 1853 na 1904 ili kuwapatia wakazi maji, na hata leo yanaifanya kazi hiyo. Majira ya baridi yaingiapo, na maziwa ya kaskazini na mashariki ya Ulaya yakaanza kuganda, mabata huyakimbilia maji hayo ya mjini. Ndipo raia wasiolipwa hata senti huvaa makoti mazito, wakachukua darubini na daftari, wakayazunguka mabwawa kwa miguu wakihesabu: mabata kadhaa, mnandi kadhaa, korongo kadhaa. Vidole hufa ganzi, lakini hesabu hutimia.

Kazi hiyo si mchezo. Hesabu za namna hiyo ndizo zilizoonyesha thamani ya Bonde la Lee, yalimo mabwawa hayo, hata mwaka 2000 likaingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Mwaka 2017 malango, ambayo zamani yalifunguliwa kwa wenye vibali tu, yakafunguliwa kwa umma wote. Mji ukaendelea kupata maji, na ndege wakaendelea kupata makao.

Nasi wa visiwani jambo hili latugusa. Vitwitwi na sululu tuwaonao ufukweni maji yakitoka, wengi wao huzaliwa kaskazini ya Ulaya na Asia, wakaja kwetu kuikimbia baridi ile ile. Ni wageni wetu wa kila mwaka.

Basi, kiongozi aletewapo ombi la kujenga ufukweni au kukata mikoko, atajuaje kinachopotea iwapo hakuna kilichoandikwa? Mvuvi na mkulima wa mwani wajua ndege hutua wapi na mwezi gani. Elimu hiyo imo vichwani mwao, haijaingia ofisini. Ni wajibu wa watendaji kuwafuata, kuketi nao na kuandika. Januari, mwezi ambao ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi tangu mwaka 1967, ni wakati mwema wa kuanza. Kalamu na daftari havihitaji fedha za kigeni.