Kipimo cha Mfuko wa Mnunuzi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwendesha bodaboda aliyeishiwa mafuta mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alikuwa na njia mbili. Angeweza kusukuma pikipiki mpaka kituo cha mafuta, au kusimama palepale kando ya barabara, kwenye kivuli ambako vijana walikuwa wamepanga majerikani na chupa. Wengi walisimama kwa vijana.

Vijana hao walijulikana kwa jina la OPEC Boys, jina walilolichukua kwa lile shirika la nchi zinazouza petroli duniani. Hawakuwa na visima. Walikuwa na mpaka. Petroli iliyopita Uganda ikielekea Congo ilihesabiwa kuwa mzigo wa kupita tu, kwa hiyo haikubeba mzigo mzima wa kodi za Uganda. Ikishafika ng'ambo, hasa kwenye soko la Ariwara, ilirudi Arua ndani ya majerikani, kwa baiskeli na magari, ikauzwa kwa bei ya chini kuliko ya vituo.

Mtafiti Kristof Titeca, aliyeandika sana kuhusu biashara za West Nile, eneo ulimo mji wa Arua, anaonyesha kwamba chimbuko lao ni ukimbizini. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wengi wa eneo hili walikimbilia Zaire (Congo ya sasa) na Sudan wakiogopa kisasi cha majeshi yaliyoingia. Kijana aliyekulia huko bila shamba wala shule alijifunza kuchuuza. Aliporudi nyumbani alizijua njia za pande zote mbili, pamoja na watu wa kumpokea kila upande.

Magendo ni magendo, na haifai kuyapamba. Serikali ilikosa mapato, na petroli inayowekwa ndani ya nyumba za watu ni hatari ya moto kila usiku. Lakini anayesema vijana wale walifaulu kwa sababu ya bei peke yake ameiona nusu ya habari. Waliuza kwa kiasi ambacho mnunuzi angeweza kulipia asubuhi ile, hata kama ni chupa moja. Walikaa pale abiria wanapopatikana. Vituo vikifungwa au vikiishiwa, wao walikuwapo. Na chupa ni kitu kinachoonekana: mnunuzi aliiona petroli ikiwa imejaa mpaka shingoni, akaiona ikimiminwa yote kwenye tangi lake, hakuna tone lililobaki la kugombania.

Huo ndio ubunifu uliowalisha wafanyabiashara wengi wa Arua na mji jirani wa Koboko, na hauhitaji mashine mpya. Ni kujua mteja anakwama wapi, kisha kwenda kumkuta hapo. Mwaka 2004 mtaalamu wa usimamizi wa biashara C.K. Prahalad alitoa kitabu kilichozifundisha kampuni kubwa za dunia kwamba maskini ni soko, akitumia mifano kama ya shampuu inayouzwa India katika vipakiti vya kutumia mara moja. Mama anayepanga nyanya mafungumafungu katika soko la Arua alikuwa akifanya hivyo tangu zamani. Anajua nani anapikia watu wanane na nani anaishi peke yake, na ukubwa wa fungu hufuata hesabu hiyo.

Ukosefu wa umeme nao ulizaa biashara yake. Kabla ya bwawa la Nyagak huko Zombo kufunguliwa mwaka 2012 na kuanza kutoa megawati 3.5, mji wa Arua ulitegemea jenereta. Simu za mkononi ziliingia mahali ambapo nyumba nyingi hazikuwa na pa kuzichajia. Vibanda vya kuchaji vikajaa. Kazi ilionekana rahisi, ila kumrudishia kila mtu simu yake, ikiwa nzima na betri yake ileile, kulitaka utaratibu: kipande cha karatasi ya gundi chenye namba nyuma ya simu, na namba hiyohiyo mkononi mwa mwenyewe. Kibanda kilichopoteza simu moja tu kilijulikana mtaa mzima kabla ya jua kuzama.

Mabasi ya Kampala yanaonyesha umuhimu huohuo wa utaratibu kwa umbali wa kilomita zipatazo 500. Abiria ni sehemu tu ya biashara. Kifurushi kinafungwa kwa kamba, kinaandikwa jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa wino mzito, na kesho yake mtu wa Arua anapigiwa simu aje kuchukua vipuri, dawa au sare za shule. Mwenye duka dogo halazimiki tena kufunga duka siku tatu ili aende Arua Park, jijini Kampala, kununua mali. Anampigia muuzaji wa Kampala aliyezoeana naye, anatuma pesa kwa simu, anasubiri basi. Uzoefu huo kati ya watu wawili ambao huenda wanaonana mara moja kwa mwaka ni mtaji mkubwa kuliko bidhaa zilizo rafuni.

Koboko inadai ujuzi wa ziada. Karibu na mji huo, mahali paitwapo Salia Musala, ndipo Uganda, Congo na Sudan Kusini zinapokutana. Muuza duka humsalimu mteja mmoja kwa Kikakwa, wa pili kwa Kilugbara, wa tatu kwa Kiswahili, na aliyetoka Kaya, upande wa Sudan Kusini, kwa Kiarabu cha Juba. Wakati huohuo anafanya hesabu ya shilingi, faranga na pauni kichwani. Mteja anayehudumiwa kwa lugha yake huuliza bei bila woga, na anayeuliza bila woga hununua.

Soko hilo la mpakani pia hugeuka ghafla. Amani ya Sudan ya mwaka 2005 iliwafungulia wafanyabiashara wa West Nile njia ya Yei na Juba, na wengi walijenga nyumba kwa faida ya miaka ile. Vita vya Sudan Kusini vya Julai 2016 viliivuruga njia hiyo, na wateja wao wakavuka mpaka wakiwa wakimbizi. Makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, yaliyofunguliwa wilayani Yumbe Agosti 2016, yalipokea watu zaidi ya 250,000 katika miezi michache. Waliosubiri barabara ifunguke walikula mtaji wao. Waliohamishia vibanda karibu na makazi ya wakimbizi, wakapunguza vipimo na kubadilisha bidhaa, waliendelea kuuza.

Mtihani mwingine wa wafanyabiashara hao ni mkopo. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikata mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na Februari 2021 mkato ukafika asilimia 40. Pesa ya mteja inapopungua hivyo, mwenye kibanda anakuwa wa kwanza kuombwa subira. Akimkatalia mama aliyenunua kwake miaka yote, mama huyo atahamia kibanda cha jirani na hatarudi hata mgao ukiongezwa. Akiwaandika wote kwenye daftari, atakosa pesa ya kununulia sukari na sabuni kabla mwezi haujaisha. Hivyo anakaa na daftari lake jioni, jina kwa jina, akikumbuka nani alilipa lini.