Mkutubi Naye Ahitaji Somo

Kwetu pwani, mwari hakuachwa ajifundishe peke yake mambo ya unyumba. Alipewa somo: mwanamke mzima, mwenye siri na subira, wa kumwongoza na kumsahihisha bila ya kumwaibisha. Ada hiyo tumeihifadhi kwa arusi. Je, binti zetu wanapoingia kazini, nani huwa somo wao?

Tuitazame kazi ya ukutubi. Katika nchi ya majani ya chai, vyuo viwili vimezaliwa na Chuo Kikuu cha Moi: Kabianga, huko Kericho, kilichopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, na Bomet, kilichoanzishwa mwaka 2017 kikiwa chuo kishiriki. Vyuo vichanga huhitaji wakutubi, na mkutubi hakamiliki siku ya mahafali.

Darasani hufunzwa kupanga vitabu. Hujua kuwa katika mpango wa Dewey, Uislamu una namba 297. Lakini mwanafunzi akija kuomba "kitabu cha udongo", mkutubi mpya humwonyesha rafu nzima. Aliyebobea humuuliza kwanza maswali mawili matatu, akagundua kuwa anachotafuta ni sababu ya mchai kupenda udongo wenye asidi. Ustadi huo hupatikana ubavuni mwa aliyetangulia.

Ndiyo maana maktaba za vyuo huweka mipango ya ulezi wa kazi. Mgeni huunganishwa na mwenyeji mmoja. Huagana malengo, hukutana kwa siku maalumu, na baada ya muda hupima walipofika. Ni bora mlezi asiwe mkubwa anayeandika ripoti ya utendaji wa mgeni, ili kosa liweze kukiriwa bila ya hofu. Naye mlezi hufaidika, kwani kijana mara nyingi humfunza mambo ya kompyuta.

Pasipo ulezi, hasara ni ya wote. Watumishi wengi wa umma Kenya hustaafu wakiwa na miaka 60; ujuzi ambao hawakuurithisha huondoka nao. Na binti aliye mbali na kwao, asiye na wa kumuuliza, huvunjika moyo akaiacha kazi.

Basi mzazi, binti yako akienda bara kuanza kazi, usiulize nyumba na mshahara tu. Uliza pia: nani atamlea kazini? Nawe dada uliyekwisha kubobea, mwite mmoja aketi nawe. Elimu ni amana, na amana hurejeshwa.